Vitabu vya akiba visiondolewe kaunta walimu wanapofika chuoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowagusa walimu wengi wa Uganda ambao, kama mimi, wanasomea shahada wakati wa likizo huku wakiendelea kufundisha muhula unapofunguliwa. Jambo lenyewe ni vitabu vya akiba katika maktaba za vyuo, yaani vile ambavyo mhadhiri huomba viondolewe kwenye rafu za kawaida na kuwekwa nyuma ya kaunta ili darasa zima livisome kwa zamu.

Kwa msomaji asiyeujua utaratibu huu, mwanafunzi huacha kitambulisho chake kaunta, hutia sahihi, hupewa kitabu kwa saa 2 na hukisomea humo humo maktabani. Maktaba inapofungwa, mtu mmoja huruhusiwa kwenda nacho bwenini, mradi akirudishe mapema asubuhi, na akichelewa hutozwa faini kwa kila saa iliyopita. Wapo wanaoyaona masharti haya kuwa makali, lakini mimi nayaunga mkono kwa moyo wote. Chukua darasa la watu 60 na nakala 1 tu ya kitabu cha isimu. Kikiazimwa kwa wiki 2 kama vitabu vingine, muhula wa wiki 16 utakwisha kikiwa kimepita mikononi mwa watu 8. Kikiwekwa akiba katika maktaba inayofunguliwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku, watu 7 watakisoma mchana na jioni, wa 8 ataondoka nacho usiku, na hivyo idadi ile ile iliyohitaji muhula mzima itakuwa imehudumiwa kwa siku 1.

Tatizo ni kalenda. Vitabu vya akiba huwekwa kwa ajili ya muhula wa wanafunzi wa kutwa na wa bweni, na muhula huo ukimalizika hurudishwa rafuni. Sisi wa likizo huingia chuoni wiki hiyo hiyo ambayo wenzetu wanaondoka, kwa kuwa hatuwezi kuyaacha madarasa yetu kabla shule hazijafungwa. Mwaka jana, mwezi wa Mei, nilipanda basi la usiku kutoka Nebbi, nikapita Pakwach na Karuma, nikafika Kampala alfajiri na kuingia darasani asubuhi hiyo hiyo. Mhadhiri alitupa orodha ya vitabu 5 na kazi ya kuandika ya kukusanywa Ijumaa. Nilipokwenda kaunta nikaambiwa kwamba akiba ya kozi yetu ilikuwa imeondolewa siku 4 kabla. Kwenye rafu za kawaida nilikuta vitabu 2 kati ya 5. Kimoja kilikuwa kimeazimwa na mwanafunzi aliyekwisha kwenda kwao likizo, na hivyo kingerudi baada ya sisi kuondoka, na vile viwili vilivyobaki mkutubi alivitafuta pamoja nami kwa karibu saa nzima tusivione. Sitalitaja jina la chuo, kwa sababu wenzangu wanaosoma kwingine wamenisimulia habari zinazofanana na hii.

Kilichofuata nakisema kwa uchungu. Mwenzetu mmoja alikuwa na nakala yake ya kitabu kimojawapo, nasi tukachanga fedha na kukipeleka chote, jalada hadi jalada, kwenye duka la fotokopi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inaruhusu matumizi ya haki, yaani kutumia kazi ya mwandishi kwa kiasi bila kumwomba idhini, kwa ajili ya kufundishia, na mhadhiri anayeweka akiba nakala ya sura moja ili darasa lake lisome ana hoja ya kujitetea. Kurudufu kitabu kizima kwa ajili ya watu kadhaa ni jambo jingine kabisa, na mwandishi wa Kiswahili, ambaye soko lake hapa Uganda bado ni dogo, ndiye anayepata hasara. Akiba ingekuwapo kaunta, hakuna hata mmoja wetu ambaye angeingia dukani humo.

Nimeambiwa kwamba tusome kwa mtandao. Majarida mengi ya sayansi na ya elimu kweli yanapatikana huko, na vyuo vinastahili sifa kwa kuyalipia. Lakini vitabu vya isimu na fasihi ya Kiswahili tunavyovihitaji vimechapishwa kwa karatasi, vingi vikiwa vya Nairobi na Dar es Salaam, na baadhi yake nimevitafuta mara kadhaa katika maduka ya Kampala nikatoka mikono mitupu. Kwa kozi yetu, nakala iliyoko nyuma ya kaunta mara nyingi ndiyo nakala ya pekee ambayo mwalimu wa Nebbi, Arua au Kitgum ataishika.

Wala sisi si wachache ambao twaweza kusahauliwa. Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka mwalimu awe na shahada, kwa hiyo wenye cheti na wenye diploma wamerudi masomoni wakiwa na familia na madarasa ya kuyatunza. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mzigo wa kulitekeleza azimio hilo uko mabegani mwa walimu hawa wanaofika kaunta na kukuta rafu tupu.

Nawaelewa wakutubi. Likizo ndiyo nafasi yao ya kuhesabu vitabu, kushona vilivyochanika na kutafuta vilivyofichwa, maana wapo wasomaji, na hili ni kosa letu wasomaji wenyewe, wanaoficha kitabu katika rafu ya somo jingine ili wakikute kesho. Wahadhiri nao hawana budi kulaumiwa kidogo: orodha inayoletwa asubuhi ya somo la kwanza haimpi mkutubi muda wa kuvikusanya vitabu, wala wa kumwomba aliye na kitabu akirudishe. Orodha ya kikao cha likizo ingefika maktabani wiki 3 kabla, kitabu kile kilichokwenda likizo na mwenyewe kingezuiwa mlangoni.

Fomu ambayo mhadhiri hujaza anapoomba kitabu kiwekwe akiba ina nafasi ya tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Ombi langu kwa wakuu wa maktaba na wakuu wa idara ni kwamba, kwa kila kozi inayofundishwa pia wakati wa likizo, tarehe hiyo ya mwisho iwe siku ambayo kikao cha likizo kinafungwa, na kaunta ya akiba ifunguliwe hadi usiku katika wiki hizo kama inavyofunguliwa muhulani. Tutarejea chuoni mwezi wa Agosti, na orodha ya kozi zetu inajulikana tangu sasa.

Mwalimu wa Kiswahili,
Wilaya ya Nebbi