Nisije kulipa kiingilio uani kwangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni muuza miche. Kitalu changu kiko kando ya barabara, Magomeni, na kwa miaka 26 nilikaa Mtaa wa Suna, upande wa chini kabisa, kule ambako ukifungua mlango wa jikoni unauona Mto Msimbazi. Mradi wa kuzuia mafuriko bondeni ulipokuja nyumba yangu ilithaminiwa, nikalipwa fidia, nikang'oa mabati na milango yangu nikahamia Kivule. Sina kinyongo. Maji ya Desemba 2011 yalinikuta nimepanda juu ya meza na mjukuu begani, na baada ya hapo majirani zetu wengi walipelekwa Mabwepande. Bonde lile lilishatajwa kuwa la hatari tangu Mpango Kabambe wa jiji wa mwaka 1979. Sisi tulijenga kwa sababu lilikuwa karibu na Kariakoo na bei yake tuliiweza.

Sasa palipokuwa uani kwangu panatakiwa kuwa bustani ya watu wote, katikati ya Dar es Salaam. Maneno ninayoyasikia miezi hii, kwenye mwendokasi, msibani, hata hapo kitaluni, ndiyo yaliyonifanya niandike. Kila mtu anauliza bustani hiyo itajiendeshaje, na wengi wanajibu palepale: wekeni geti, tozeni kiingilio. Mteja wangu mmoja, baba mwenye heshima zake aliyekuja kuchukua ukoka wa uani kwake, aliniambia, "Mama, cha bure hakitunzwi." Nikampakilia mizigo yake akaondoka. Neno lile nimekaa nalo wiki nzima, na ndilo ninalotaka kulijibu.

Hela ya kujengea haina ubishi mrefu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, na Uholanzi na Hispania zikaongeza zao. Mradi uko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani, kuchimba na kupanua mto, kuihamisha karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyokuwa inazama kila masika, na hiyo bustani. Mkopo tutaulipa sote, wa Masaki na wa Mbagala, na wa Sumbawanga asiyejua Jangwani iko wapi. Kwa hiyo anayesema bustani itakuwa ya bure kwa watakaoingia amekosea tangu neno la kwanza. Itakuwa imeshalipiwa.

Ila mkopo unajenga, haumwagilii. Hapo ndipo ninapopajua mimi.

Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja ya umma, sitaitaja, iliagiza kwangu miche 400 ya maua na miti ya kivuli kwa ajili ya kupamba eneo la wazi. Waliitaka ndani ya siku nne kwa kuwa kulikuwa na mgeni. Nilikesha na wanangu tukijaza viriba, tukakodi Canter mbili. Walinilipa vizuri, wala sina deni nao. Mgeni alikuja, alipanda mti mmoja, akapigwa picha, akaondoka. Baada ya wiki tatu nilipita pale na daladala nikaona majani yamejikunja. Nikashuka. Nikamuuliza mlinzi, "Baba, nani anamwagilia hapa?" Akasema hakuna aliyemwambia. Bomba lilikuwepo, ila koki yake ilikuwa imefungwa kwa kufuli na ufunguo alikuwa nao mtu wa idara nyingine. Nilirudi kesho yake na madumu manne ya lita 20 kwenye bajaji kwa hela yangu mwenyewe, nikaokoa michache ya pembeni. Ilipotimia miezi mitatu palikuwa pamebaki vijiti. Miche 400, Mhariri, na fungu la kununulia lilipatikana kwa siku nne. Fungu la mtu mmoja wa kushika mpira wa maji halikuwahi kuwekwa kwenye karatasi.

Ndiyo maana kila ninaposikia watu wakijadili bustani itagharimu mabilioni mangapi kuijenga, mimi nauliza itagharimu shilingi ngapi Jumanne ya kawaida, mwezi wa Januari, jua kali, hakuna mgeni.

Na bustani hii si kama bustani nyingine. Imekusudiwa maji yaingie. Mvua ikizidi, mto upande juu ya nyasi utawanyike pale, usiende kuingia kwa watu wala kuifunga Barabara ya Morogoro. Hilo ni jambo jema, ila aliyeishi bondeni anajua maji ya Msimbazi hayaji peke yake. Yanashuka tangu milima ya Pugu na mchanga, yanapita Vingunguti, yanapita Kigogo, yanazoa chupa, magodoro, mizoga. Yakikauka yanaacha tope la kufika kwenye fundo la mguu, na harufu ambayo haitoki mpaka umetoa tope lenyewe. Nyumbani kwangu tulikuwa tunatumia siku tatu kwa koleo na toroli kusafisha vyumba vinne na ua. Sasa chukua ua ule uuzidishe mara elfu. Hapo hautazungumzia mama wa kufagia na fagio la chelewa. Utazungumzia kijiko cha kuchimba mchanga, malori ya kuupeleka, watu wa kuokota taka, na ukoka mpya pale uliooza. Kila masika, na kila vuli ikiwa kubwa. Usipotolewa, mchanga unapunguza kina cha mto na tunarudi kulekule. Mafuriko ya Aprili 2018 yalikadiriwa kuliletea jiji hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Atakayeona matunzo ni ghali na aiweke hasara hiyo pembeni apime.

Je, kiingilio kitalipa kijiko na malori? Hakitalipa. Kitalipa mshahara wa wakata tiketi na walinzi wa geti, na tiketi zenyewe. Nimeuza vitu vya shilingi elfu moja moja maisha yangu yote, najua elfu moja inafika wapi. Lakini kwa mama wa Kigogo mwenye watoto watatu, elfu moja kila mtu ni elfu nne, na elfu nne ni unga wa kilo mbili. Atawaacha watoto wacheze barabarani kama sasa. Mbeba mizigo wa Kariakoo anayetafuta kivuli saa saba mchana hatalipa akalale nusu saa. Wanafunzi wanaosomea chini ya taa za barabarani kwa kuwa nyumbani ni chumba kimoja watu saba, hao ndio kabisa.

Tena kuna jambo ambalo wasioishi bondeni hawalifahamu. Tulikuwa na njia mbili za kupandia kwenda Magomeni. Moja ilikuwa na muuza chipsi, fundi viatu na vijana wa kubeti, watu mpaka saa nne usiku. Nyingine ilikuwa nzuri zaidi, imenyooka, kimya. Hiyo nzuri ndiyo walipoibiwa watu, na binti wa jirani yangu alijeruhiwa humo. Sehemu inalindwa na watu kuwemo. Bustani yenye geti itakayobaki na watu thelathini siku za kazi itakuwa pori lililokatwa nyasi, na vibaka wataijua kabla ya polisi.

Basi hela itoke wapi? Nina maoni yangu, na nimeyafikiri.

Bustani ikikamilika, kuna watu watakaotajirika bila kufanya lolote. Mwenye ghorofa la Upanga ambaye dirisha lake lilikuwa linatazama tope na mbu, atatazama miti. Atapandisha kodi ya wapangaji mwezi huohuo, na mimi simlaumu. Lakini angalieni kodi ya majengo tunavyoilipa. Inakatwa kwenye LUKU, tunaponunua umeme: nyumba ya kawaida shilingi 1,500 kwa mwezi, ghorofa shilingi 7,500 kwa kila sakafu. Ni ileile, uwe unatazama bustani au unatazama dampo. Chumba changu cha Kivule, ambako barabara ni vumbi na maji ya bomba yanakuja mara mbili kwa wiki, kinachangia kwa kipimo kilekile cha nyumba ya chini ya Magomeni itakayokuwa hatua hamsini kutoka kwenye ukoka. Hiyo si haki, na hapo kuna hela imelala. Pachorwe mstari kuizunguka bustani, na majengo yaliyo ndani ya mstari huo yachangie zaidi kidogo kwa sababu yamepata zaidi. Wazee na wajane waliokaa kwenye nyumba zao za udongo na mabati wasiguswe mpaka siku watakapouza.

La pili ni ardhi yenyewe. Udongo utakaochimbwa mtoni unatumika kuinua kingo za bonde, na juu ya kingo hizo mpango unaruhusu majengo. Viwanja hivyo visiuzwe. Vikodishwe, kwa mkataba wa miaka inayojulikana, na kodi yake iende kwenye bustani kila mwaka. Ukiuza unakula mara moja. Mimi mwenyewe niliwahi kuuza shamba la baba Mkuranga nikanunua gari la kupakia miche. Gari lilikufa miaka minne baadaye na shamba sina.

Vingine ni vidogo vidogo lakini vinaingia kila siku. Maegesho ya magari. Choo cha kulipia, mia tatu kama stendi, na kiwe kisafi. Hilo hakuna anayelikataa. Vizimba vya mama lishe na wauza madafu, vipangwe kwa bahati nasibu ya wazi na waliotoka bondeni wafikiriwe kwanza. Maharusi wa Jumamosi wanaokuja na mpiga picha na magari matano, hao wana bajeti na wamezoea kulipia bustani za hoteli. Forodhani kule Unguja, iliyofanyiwa ukarabati na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena 2009, mtu anaingia bila kuulizwa tiketi, na jioni meza za pweza na urojo zimejaa. Watu wanatoa hela kwa hiari kwa sababu hakuna aliyewadai mlangoni.

Na timu zetu mbili, nazo nazikumbusha kwa upendo. Yanga wanaitwa Wanajangwani, Simba ni Wekundu wa Msimbazi. Bonde hili limewapa majina wote wawili na majina hayo yako kwenye nyimbo, kwenye midomo ya nchi nzima. Kila mmoja achukue uwanja mmoja wa watoto ndani ya bustani, autunze nyasi na magoli mwaka mzima. Kwa mapato yao hiyo ni kazi ndogo.

Lakini yote haya yatakuwa bure kama hela itaingia mfuko wa jumla. Mto ule ndio mpaka: ng'ambo hii ni Kinondoni, ng'ambo ile ni Ilala, yaani Halmashauri ya Jiji. Nimeishi kwenye mpaka huo. Taka zilipokwama chini ya kivuko, tulienda ofisi ya upande mmoja tukaambiwa ni za wenzetu, tukaenda kwa wenzao tukarudishwa. Mwishowe vijana wa mtaa waliingia majini na majembe. Bustani ikipokewa hivyo itakufa kwa kusukumiwa. Iwe na chombo chake kimoja, akaunti yake moja, na mapato na matumizi yabandikwe ubaoni langoni kila robo mwaka ili hata mimi nisome. Mipaka yake iandikwe kwenye sheria. Bustani ya mimea pale karibu na Makumbusho ya Taifa ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Nendeni mkaone kipande kilichobaki. Haikuchukuliwa kwa siku moja.

Yule baba wa ukoka akirudi nitamwambia hivi: barabara ya lami mbele ya nyumba yake haina geti, na anaijali. Ufukwe wa Coco hauna geti, na Jumapili hana pa kuegesha.

Nina mikungu 60 kwenye viriba, imeshafika kiunoni, nimeitenga upande wa ukuta na nimewakatalia wateja wawili. Ni miti inayostahimili maji ya kupita na kivuli chake ni kipana. Siku bustani itakapokuwa tayari kupandwa nitaileta bila malipo, na naomba mitatu iwekwe pale palipokuwa mlango wangu wa jikoni. Napajua, hata bila nyumba nitapaonyesha. Kabla sijaipakia kwenye gari ninataka kuambiwa kitu kimoja tu, na ofisi itakayosema iseme kwa jina lake: ni nani atakayekuja na mpira wa maji mwezi wa Januari, na mshahara wake unatoka fungu gani.

Muuza miche,
Magomeni, Dar es Salaam