Kijiti kikiisha dawa, nani anakitoa?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vifaa vya kupandikiza mwilini vinavyotoa dawa kwa kuamriwa na umeme ilikuwa nzuri, ila sifa zote mmeupa umeme. Mimi ni muuguzi wa uzazi wa mpango huku Chamwino, na swali langu ni jingine: dawa ikiisha, kifaa kinatoka vipi?

Kuweka kijiti cha uzazi wa mpango mkononi ni dakika chache. Kukitoa baada ya miaka 3 au 5 ndiko kwenye shughuli. Unachoma ganzi, unachana kidogo, unasukuma kwa kidole huku forsepsi ikikitafuta. Kikiwa kimezama, mama wa watu anapewa rufaa ya mjini, na nauli anajitafutia mwenyewe. Wapo wanaobaki nacho muda ukiwa umepita, kisa nauli tu. Kwa hiyo kifaa kinachoyeyuka chenyewe, kama nyuzi za kushonea ndani, kwetu ndiyo habari yenyewe.

Na hapo ndipo mlipopita mbio. Plastiki inayotumika sana kwenye majaribio haya ni polipiroli, ambayo hupitisha umeme. Utando wake ukiwa na chaji chanya hushika dawa yenye chaji hasi, mfano deksamethasoni fosfati, dawa ya kutuliza uvimbe. Ukipelekewa umeme kidogo, volti 1 hivi, pungufu ya betri ya redio, chaji hubadilika na dawa huachiwa. Safi kabisa. (Ingawa utando wenyewe hubeba mikrogramu tu, yaani sehemu za milioni za gramu, kwa hiyo anayemeza vidonge vya kifua kikuu, ambavyo dozi yake ni kubwa mno kwa utando huo, asisubiri.) Lakini polipiroli haiozi. Watafiti huichanganya na vitu vinavyooza, kama jelatini, au kitosani itokanayo na maganda ya kaa na kamba wa baharini. Mchanganyiko ukiisha kuoza, chembe za polipiroli bado zipo. Wengine wameamua kuunga vipande vifupi vya plastiki za aina hiyo kwa viungo vinavyokatika mwilini, ili mabaki yawe madogo kiasi cha kuweza kutolewa na figo. Hao ndio ningependa kuwasoma.

TMDA, mamlaka inayosajili dawa na vifaa tiba, wako hapa hapa Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanakemia wake. Tumeni mwandishi akawaulize: siku kifaa cha namna hii kikiletwa kusajiliwa, kitadaiwa ushahidi gani kuhusu mabaki yake, na wa miaka mingapi?

Muuguzi,
Chamwino, Dodoma