Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: Mzazi aulizwe mguu wake kabla ya kuruhusiwa

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

YAH: AHADI YA MATANGAZO YA DALILI ZA DAMU KUGANDA KATIKA WODI ZA WAZAZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi cherehani, mkazi wa mkoa unaousimamia, na hii ni barua yangu ya tatu kwako. Mbili za kwanza nilizileta ofisini kwako kwa mkono, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, na hadi leo sijajibiwa. Hii naiandika hadharani kwa sababu Jumanne iliyopita jirani yetu, mzazi wa siku 12, alirudishwa nyumbani kutoka zahanati akiwa na mguu mmoja uliovimba na vidonge vya kutuliza maumivu, akaambiwa kwamba ni uchovu wa uzazi. Maneno hayo hayo aliambiwa mdogo wangu, ambaye tulimzika Julai mwaka jana.

Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka 29 na alijifungua kwa upasuaji. Siku ya 9 alianza kulalamika kwamba mguu wa kushoto unamuuma kwa nyuma, kwenye shavu la mguu, na kwamba ni mzito kama si wake. Mama yetu alimkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa mafuta ya nazi, kama wanavyokandwa wazazi wote kwetu, na simlaumu hata kidogo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba mguu wa namna ile hauchuliwi. Siku ya 17 alisikia maumivu ya kuchoma ubavuni kila alipovuta pumzi. Tukampeleka, akapewa dawa za kichomi. Siku ya 19 asubuhi aliinuka kwenda msalani, akashika ukuta, akaniambia, "Kaka, pumzi inakatika." Hatukufika naye hospitali.

Baada ya msiba daktari mmoja alikubali kukaa nami na kunieleza kile ambacho kwa maoni yake ndicho kilichomuua. Damu huweza kuganda katika mishipa ya ndani ya mguu, paja au nyonga. Bonge hilo likimeguka, kipande husafiri na damu, hupita kwenye moyo na kukwama katika mishipa ya mapafu. Mguuni dalili zake ni uvimbe, mara nyingi wa mguu mmoja tu, maumivu, joto, na ngozi kubadilika rangi, jambo ambalo kwa ngozi zetu nyeusi si rahisi kuliona. Likishafika mapafuni, mgonjwa huishiwa pumzi ghafla, huchomwa kifuani akivuta hewa, moyo humwenda mbio, wengine hukohoa damu au kuzimia. Nilimsikiliza daktari yule nikiyatambua mambo yale moja baada ya jingine, maana yote mawili, la mguu na la kifua, tuliyaona kwa macho yetu na tukayaeleza kwa watu waliovaa makoti meupe.

Alinieleza pia kwamba damu ya mjamzito huganda upesi kuliko ya mtu mwingine, kwa kuwa mwili hujiandaa kuzuia asivuje damu nyingi wakati wa kujifungua. Kwamba tumbo likikua hukandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, na hasa mguu wa kushoto. Na kwamba upasuaji na kulala kitandani muda mrefu huongeza hatari. Hatari hiyo haiishi siku ya kujifungua, bali huendelea kuwa kubwa kwa wiki 6 hivi. Wiki 6 ni siku 42, Ndugu Mganga Mkuu, yaani karibu sawa na arobaini yetu ile ile, ambayo mzazi huwekwa ndani, hulazwa na hukatazwa kazi kwa nia njema kabisa. Katika siku hizo tunamtazama asipate homa na asivuje damu, lakini mguu wake hatuutazami.

Mwaka jana tarehe 13 Oktoba, siku ambayo dunia nzima huadhimisha mapambano dhidi ya damu kuganda, ulisimama mbele yetu ukasema kwamba kabla ya mwaka kwisha kila wodi ya wazazi katika mkoa huu itakuwa na tangazo la dalili hizi ukutani, na kwamba wauguzi watapewa mafunzo. Nilikuwepo, nilikupigia makofi nikilia. Mwaka ule umekwisha, huu nao umefika nusu, na wodi mbili nilizoingia mwenyewe hazina tangazo hilo.

Sijui kilichokwamisha. Nadhani wauguzi ni wachache na usiku mmoja hubeba wodi nzima; huenda pia mguu uliovimba hauogopeshi kama damu inayomwagika. Lakini dawa zipo. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, iligunduliwa mwaka 1916, na sindano zake zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Anayekosekana ni mtu wa kumfikisha mgonjwa kwenye sindano hiyo kabla pumzi haijakatika.

Narudi kwa jirani yetu. Nilipoitwa Jumanne ile nilikwenda na futi yangu ya kushonea, nikampima miguu yote miwili chini ya goti, mahali pamoja. Mguu mmoja uliuzidi mwenzake kwa sentimita 4, na daktari aliwahi kuniambia kwamba tofauti inayozidi sentimita 3 haipuuzwi. Tulimpakia kwenye bajaji usiku huo huo. Hospitali walimpiga altrasaundi, wakaliona bonge, na sasa anachomwa sindano na ananyonyesha mwanawe. Najua futi haitoi jibu la mwisho, na kwamba bonge laweza kuwepo bila uvimbe wa kuonekana. Ila futi hii ilikuwa shingoni mwangu Julai yote, nikiwapima watu kiuno na mabega, na mguu wa mdogo wangu sikuupima, kwa sababu sikujua. Wataalamu wako wanajua, au walipaswa kujua.

Nilikuwa na maombi mengi katika barua zile mbili: matangazo, mafunzo, wazazi waliofanyiwa upasuaji kuinuliwa mapema watembee, walio katika hatari zaidi kupewa sindano za kinga. Bado nayataka yote. Lakini ikiwa yote yanahitaji bajeti na vikao, basi nakuomba hili moja ambalo halihitaji hata kikao: agiza kwamba hakuna mzazi atakayeruhusiwa kutoka wodini, wala kuondoka kliniki ndani ya siku 42, kabla ya kuulizwa kama mguu wake mmoja umevimba au unauma kuliko mwingine na kama pumzi inambana, na kabla ya yeye na aliyekuja kumchukua kuambiwa kwamba wakiona hivyo wasikande, wasichue, warudi hospitali saa hiyo hiyo. Futi haizidi bei ya soda mbili, na ikiwa ndiyo inayokosekana, nitazileta mwenyewe, moja kwa kila wodi.

Kesho asubuhi kuna wazazi watakaoruhusiwa kwenda nyumbani. Naomba waulizwe mguu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi cherehani, kaka wa marehemu