Mchezo kwanza, kitabu baadaye

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Arusha. Nimefurahi mno kusikia umepata darasa la Kihispania huko Moshi, tena la vijana wanaojiandaa kuongoza watalii. Umeniuliza uanzeje kipindi ilhali wote wamekaa kimya wanakutazama. Anza na mchezo, dakika tano hivi, na utumie maneno ya wiki iliyopita, siyo mapya. Neno ambalo mtu analikumbuka nusunusu, akilihitaji haraka ili asishindwe, halimtoki tena.

Ninaoupenda kuliko yote ni lotería ya Mexico. Kadi zake ni 54, zenye picha kama el gallo (jogoo) na la luna (mwezi). Kila mchezaji ana kibao cha picha 16, nne kwa nne, na picha ikitajwa anaiwekea punje ya harage. Wewe chora vibao vyako vya wanyama wa mbugani: el león (simba), la jirafa (twiga), el búfalo (nyati), la hiena (fisi). Ila usitaje mnyama moja kwa moja. Kule Mexico mwenye kuita kadi hupenda kuzipamba kwa mafumbo, nawe fanya hivyo: “Tiene el cuello largo,” ana shingo ndefu. Utaona mikono inavyokimbilia twiga! Anayemaliza mstari apige kelele “¡Lotería!”, halafu asome wanyama wake kwa sauti. Akisahau kutanguliza el (ya majina ya kiume) au la (ya majina ya kike), mchezo unaendelea. Hapo usiwaonee huruma. Sisi tumekulia kwenye ngeli, kwa hiyo el león viejo (simba dume mzee) na la leona vieja (simba jike mzee) hazitawashangaza, mradi wazizoee mapema.

Darasa likiwa limesinzia baada ya chakula, wape basta, ambao Argentina wanauita tutti frutti. Inachaguliwa herufi, kila mtu anaandika jina la mtu, nchi, mnyama, tunda na rangi. Kwa M: María, México, mono, manzana, morado. Wa kwanza kumaliza anasema “¡Basta!” (inatosha!) na kalamu zote chini. Herufi K na W ziache, Kihispania kina maneno machache mno ya kuanzia nazo.

Kwa wale waoga wa kusema kuna veo veo, mchezo wa watoto wa Hispania. Mmoja anasema “Veo, veo,” (naona, naona), darasa zima linaitikia “¿Qué ves?” (unaona nini?), naye anajibu “Una cosita,” (kakitu), kisha anataja herufi ya kwanza ya kitu hicho, na wenzake wanakisia ni nini. Wasogeze dirishani. Siku moja watauchezea ndani ya gari na wageni wao.

Ule wa kumchora mtu anayenyongwa siupendi. Watu wanakisia herufi tu, neno lenyewe halitoki mdomoni.

Vibao vyangu vya wanyama nimevitoa nakala. Niambie siku utakayopita stendi, nivitume kwa basi la asubuhi.

Akupendaye daima,
Rafiki yako