YAH: Kufunga muhula, na kazi ya likizo kuhusu Lugalo

Ndugu wazazi na walezi,

Habari za siku. Tunafunga muhula wa kwanza Ijumaa hii, saa 6 mchana. Ripoti watakuja nazo watoto wenyewe, kwa hiyo ziulizeni mapema kabla hazijapotelea kwenye daladala.

Matokeo si mabaya. Hisabati ya Kidato cha Pili ndiyo inayoninyima usingizi, tutaiongea kwenye kikao. Leo nataka niwaambie habari ya Lugalo.

Mwanafunzi mmoja anayeshukia kituo cha Lugalo kila siku alimuuliza mwalimu wa Historia: "Lugalo si ipo Iringa?" Hakukosea. Huko ndiko Wahehe wa Mkwawa walikokiangamiza kikosi cha Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Jina limefikaje kwenye kambi ya jeshi ya Barabara ya Bagamoyo, hapa Dar es Salaam?

Kidato cha Tatu wakaanza kufukua. Kumbe enzi za Waingereza kambi ile iliitwa Colito, jina la mahali huko Ethiopia ambako askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) walipigana na Waitaliano Mei 1941. Sajini Nigel Leakey wa KAR alirukia juu ya kifaru cha adui, akafungua mfuniko na kuwapiga risasi waliokuwa ndani. Aliuawa siku hiyo hiyo, akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Darasa zima lilitaka kusikia habari ya kifaru mara mbili.

Uhuru ulikuja 1961, KAR yetu ikawa Tanganyika Rifles, ila Colito ilibaki Colito na wakubwa wengi wa jeshi walibaki Waingereza. Askari walitaka mishahara ya maana na maofisa Waafrika. Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964 waliasi, wakawakamata maofisa wao, wakaingia mjini. Waziri Oscar Kambona aliwafuata kambini kuzungumza nao. Alfajiri ya tarehe 25, makomando wa Uingereza walishuka Colito kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur. Aliyewaita ni Mwalimu Nyerere mwenyewe, na hakuficha kwamba lilimuuma. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo ikazaliwa JWTZ. Colito ikaja kuitwa Lugalo.

Binti mmoja alituambia babu yake hadi leo husema "Kolito", na akilitaja hushusha sauti. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Basi kazi ya likizo ni hiyo: kila mtoto akae na mzee mmoja, wa nyumbani au wa jirani, aandike mzee huyo anachokumbuka kuhusu Januari ile, au jina la zamani la mtaa wake. Kurasa mbili zatosha. Wazazi msiwaandikie, mwandiko wenu tunaujua. Na asiende mtoto getini kupiga picha. Kambi ni kambi.

Tunafungua Jumatatu ya kwanza ya Julai. Ada ilipwe benki, si kwa mkono wa mtoto.

Wenu,
Mkuu wa Shule