Barua ya wazi kwa mjomba wangu mpiga kanuni, ala ya nyuzi ya taarab

Shikamoo mjomba. Uliuliza Wayahudi wenye asili ya Aleppo, mji wa Syria, huimba nini katika sinagogi asubuhi ya Sabato. Ni maqamu, yaani mipangilio ya noti, unazozijua kwenye taarab: Rasti, Bayati, Saba, Hijazi, Nahawandi, Ajam. Ila mwimbishaji wao, hazani, hachagui kwa kujisikia. Fungu la Torati la wiki hiyo ndilo huamua. Uumbaji huimbwa kwa Rasti, agano la tohara la Ibrahimu kwa Saba, kifo cha Sara kwa Hijazi, na wimbo wa kuvuka bahari kwa Ajam. Torati yenyewe husomwa kwa maqamu ya Sika kila wiki.

Maqamu ya wiki huwekwa kwenye Nishmat, sala ya asubuhi ya Sabato, isiyo na mapigo. Ichukulie kuwa taqsimu ya koo, kama unavyobuni peke yako kwenye ala bila mapigo. Kazi ngumu ipo mbele, kwenye Nakdishakh, sala ya kutukuza utakatifu wa Mungu. Hapo hazani huazima muziki wa wimbo, mara nyingi wa Kiarabu, au wa pizmonim, nyimbo za dini kama zile za Moses Ashear, aliyehamia New York mwaka 1912. Mistari ya sala hailingani kwa mizani, na kurudia neno hakupendwi, kwa hiyo sahau mazoea yetu ya kurudisha mstari hadi muziki uishe. Mstari mfupi hujazwa kwa kuvuta silabi moja juu ya noti kadhaa. Mrefu hubanwa, silabi nyingi kwenye noti moja. Wimbo wa kasi haufai, maneno humezwa.

Sabato hawapigi ala, basi akipotea hakuna uzi wa kumrudisha. Aanze chini, maana Nakdishakh hupanda. Rasti ikianzia do, mi yake hushuka robo toni. Aliyezoeshwa piano huipandisha hadi mi kamili, na hapo ameshaingia Ajam. Akiishusha hadi mi bemoli, yaani nusu toni chini ya mi kamili, inanukia Nahawandi. Saba ni re, mi iliyoshushwa robo toni, fa, sol bemoli. Sol ikiachiwa ipande kidogo tu, wazee husikia Bayati, na ule msiba wa Saba umekwisha.

Dawa ni kuimba noti nne za kwanza peke yake, polepole, kabla ya kugusa maneno. Wewe zipige noti hizo kwa kanuni siku za kazi. Ijumaa jua likitua, funika.