Kikao kijacho: maandishi ya Pasolini

Ndugu wanakikundi, Jumamosi tutamjadili Pier Paolo Pasolini, mshairi na mwandishi wa riwaya wa Italia aliyezaliwa Bologna mwaka 1922 na kuuawa Ostia, karibu na Roma, mwaka 1975. Naomba tuanze na mashairi yake yaliyochapishwa mwaka 1942, aliyoyatunga kwa Kifriuli, lugha ya eneo alikozaliwa mama yake, kwani kwa maoni yangu humo ndimo yalimochipuka mapenzi yake kwa wanyonge, kabla ya riwaya ya Ragazzi di vita ya mwaka 1955, inayosimulia maisha ya vijana maskini wa pembezoni mwa Roma kwa lugha yao ya mitaani, na iliyozua kesi ya ukiukaji wa maadili ambayo hatimaye aliishinda. Matusi yamo, msishtuke. Filamu zake tuziache kwanza.